Ubao wa Mvule Nilioukana Rwamishenye

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu bila kulisema, na si kwamba watu hawalijui, maana Kamachumu nzima inalijua na hata Muleba mjini nimewahi kuitwa kwa jina lililotokana nalo nikiwa naulizia misumari, ila mimi mwenyewe sijawahi kulisimulia kwa kinywa changu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkasa wako ukiachiwa wengine wausimulie unakuwa kama koti la kuazima, kila mtu analivaa anavyotaka. Basi nisikilizeni. Nitawaambia nilivyoaibika na sitajipunguzia, kwa sababu aliyeumia zaidi siku ile hakuwa mimi.

Mnanijua. Mimi ni Respicius, yule wa kuondoka. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa miaka miwili kwenye karakana ya Ta Novati pale Kamachumu nikijifunza useremala, halafu nikaondoka. Nimekaa Mwanza, nimekaa Geita, Dar es Salaam nimekaa mpaka nikajiona mwenyeji, na Goziba nimekaa nikiziba mitumbwi ya wavuvi, kisiwa ambacho ukigombana na mwenye boti basi umehamia. Kila nilikokwenda nilikumbuka nyumbani, na kila niliporudi nyumbani nilianza kuangalia barabara (huo ni ugonjwa, na dawa yake sijaijua). Kilichonirudisha mara ya mwisho, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, ni harufu. Nilikuwa Geita, nikapita mahali wanapasua mvule, ile harufu ikanikamata kifuani, nikaiona karakana ya Ta Novati na vumbi lake, na mibuni ikiwa imechanua nyuma ya ukuta, na wiki hiyo hiyo nikapanda basi.

Nilikuta randa yangu ya ujana bado inaning'inia kwenye msumari wake. Miaka zaidi ya ishirini. Ta Novati alikuwa amekataza mtu yeyote asiiguse. Nilipoiona niligeukia ukutani nikajifanya nakohoa.

Ta Novati (kwetu "Ta", yaani tata, ni kama kusema baba au mzee, mtu wa heshima humtaji jina tupu) alikuwa amechoka macho. La kushoto lilikuwa limeshazima, na la kulia lilikuwa linamuaga pole pole. Vidole vyake vyote kumi vilikuwepo, na kwa seremala wa umri wake hiyo ni shahada. Alifanya kazi na binti yake Adventina, ambaye nilimwacha akiwa mtoto wa kuokota maranda ya kuwashia moto, nikamkuta seremala kamili, penseli sikioni na maneno machache. Mbele yao walikuwa na kazi moja kubwa, mabenchi ya kigango chetu, kanisa letu dogo la kijijini. Kulikuwa na mvule uliopandwa na baba yake Ta Novati kwenye mpaka wa kibanja, shamba lao la migomba, upepo ukauangusha, na mzee akautoa wote kwa ajili ya mabenchi hayo. Mbao zilikaa zikikauka chini ya bati miaka minne. Sasa zilikuwa tayari, ila macho yake ndiyo hayakuwa tayari kusubiri. Alituambia wazi kwamba hana haja nyingine, anataka tu ayaone mabenchi yakiwa yamepangwa, siku moja, kabla la kulia nalo halijazima.

Lakini mvule si mbao ya mchezo. Ndani yake huwa na vijiwe, vijiwe kweli, vinavyokula meno ya msumeno, na kwa msumeno wa mkono walikuwa wanapasua ubao mmoja tangu asubuhi mpaka mchana. Ndipo wakaamua kununua msumeno wa meza, ile mashine yenye meza ya chuma na msumeno wa duara unaochomoza katikati, wewe unasukuma tu ubao.

Siku moja baada ya chakula mzee akaniita. Akavua shingoni ufunguo wa karakana, uliokuwa umefungwa kwenye kamba ya kiatu, akauweka juu ya meza kati yetu.

"Wewe umetembea, umeona mashine za watu," akasema. "Nenda Bukoba ukanichagulie. Ukichagua nzuri, ufunguo huu ukae kwako. Nawe ukae."

Nawe ukae. Katika kutembea kwangu kote nimeambiwa karibu, nimeambiwa pisha, nimeambiwa lipa, ila kukaa sikuwahi kuambiwa. Adventina alikuwa mlangoni ananoa patasi. Nilisikia jiwe la kunolea limesimama, halafu baada ya muda likaendelea.

Sasa, karakana ile ilikuwa na sheria moja kongwe kuliko mimi: chombo hakinunuliwi mpaka kikate mbao yako mwenyewe, si ya muuzaji. Hata akienda kununua patasi Ta Novati alikwenda na kipande mfukoni. Alikuwa akisema muuzaji ana maneno na mnunuzi ana maneno, asiye na maneno ni ubao, basi huyo ndiye shahidi. Kwa hiyo alinikatia ubao kutoka mvule ule ule wa baba yake, urefu wa kufika kifuani, unene wa vidole vitatu, akachora mstari wa penseli katikati toka mwanzo hadi mwisho, macho yakiwa karibu yaguse mbao, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa FUNDI NOVATI KAMACHUMU. Akanielekeza nikifika dukani nigonge meza ya mashine nisikilize, chuma cha maana kinalia kama kengele na bati linalia kama debe. Kisha, mashine ikiwa imezimwa, niushike msumeno niutikise, ukicheza niachane nao. Na mwisho nipasue ubao huu juu ya mstari huu, mwanzo hadi mwisho. Ukipita bila kulalamika, nilete.

Mambo matatu. Mtoto wa darasa la pili angeyakumbuka. Mimi niliyakumbuka pia, ndiyo aibu yenyewe.

Nilishuka Rwamishenye, pembeni mwa mji wa Bukoba, asubuhi nikiwa nimevaa shati jeupe na viatu vyangu vya Dar. Sijui kama mmewahi kubeba ubao begani mkiwa na shati jeupe. Fundi huonekani, bwana huonekani, unaonekana mtu aliyetoka kung'oa mlango wa watu. Nikaingia kwanza kwenye hoteli ya Bi Zubeda ninywe chai, mama mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, chapati zake zinajulikana mpaka kwetu mlimani. Nikauegemeza ubao ukutani, nikakaa.

Ndipo akaingia Projestus. Tulisoma naye darasa moja, sasa yuko ofisini hapo Bukoba, shati limenyooshwa mpaka unaweza kukatia mkate, na funguo za gari akizizungusha kidoleni. Tukasalimiana, tukacheka, akauliza nilikotembea nikamtajia miji yote (kisiwa nilikiruka). Akasema alijua tu kwamba mimi ningefika mbali. Halafu jicho lake likaangukia ukutani.

"Respi, huo ubao ni wako? Usiniambie bado unabeba mbao."

Alikuwa anatania. Angekuwa anadharau ningemjibu. Lakini alitania kwa upendo, na watu wawili wa meza ya pili wakatazama, na mimi ni Mhaya, mnatujua, sisi njaa tunaivumilia lakini kuonekana wadogo hapana.

"Hapana," nikasema. "Kuna mzee mmoja kaniomba nimsogezee."

Mzee mmoja. (Petro naye alipomkana Yesu alianza hivyo hivyo, yeye kando ya moto, mimi kando ya chai.) Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi hicho, sentensi moja, chapati ikiwa bado mdomoni. Projestus akasema basi uache hapo, utanichania viti vya gari, twende nikupeleke dukani. Nikamwomba Bi Zubeda anitunzie, akasema mzigo wa mtu ni amana. Nikajiambia nikishaziona mashine nitarudi kuuchukua, ni dakika kumi tu.

Dukani kulikuwa na misumeno miwili ya meza. Mmoja ulikuwa kwenye kona, wa kijivu, umeshatumika mahali, rangi imebanduka, mzito hata watu wanne wangeulalamikia. Niliugonga, ukalia kama kengele ya misa. Wa pili ulikuwa mbele karibu na mlango, mpya, rangi ya machungwa, una taa ndogo ya kijani na vitufe kama redio. Huo sikuugonga. Nadhani moyoni nilijua utalia vipi.

Projestus akacheka kwa kweli. Akauliza mtu aliyeizunguka nchi nzima atarudi kwao na chuma cha kutu, watu wa Kamachumu waseme nini. Muuzaji naye hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie, aliniuliza nitapasua mbao gani, nikajibu za kawaida. Akachukua kipande cha msonobari mweupe, mbao laini ya kutengenezea maboksi, akawasha, kikapita kama kisu kwenye sabuni. Projestus akapiga makofi. Muuzaji akauliza kama nina mbao yangu nyingine ningependa kujaribu.

Alinipa nafasi hiyo mwenyewe, kwa kinywa chake. Ubao ulikuwa Rwamishenye, mwendo wa gari haufiki hata dakika kumi. Lakini ningemwambiaje Projestus turudi kuchukua ubao wa mzee mmoja? Nikasema haina haja.

Nikapakia ile ya machungwa kwenye pikapu ya kukodi, tukaondoka. Tulipofika Rwamishenye dereva akapunguza mwendo, maana nilimwambia mapema kuna mzigo. Nikauona kupitia dirishani. Bi Zubeda alikuwa ameutoa nje, ameuegemeza barazani mahali pakavu, na maandishi ya Ta Novati yametazama barabara. Nikafikiri haraka sana, haraka kuliko ninavyofikiri mambo ya maana: nikirudi nao mzima, ataona sikuujaribu, nisiporudi nao, naweza kusema ulipasuka.

Nikamwambia dereva twende, mvua inakuja. Mvua haikuwepo popote.

Ta Novati alinipokea barabarani. Hakuigusa hata mashine kwanza. Aliuliza mvule ulipitaje, nikamwambia ulipita kama kisu kwenye sabuni. Adventina akauliza vipande viko wapi. (Nilijua atauliza, na jibu nilikuwa nimelipika tangu njiani.) Nikasema muuzaji ameviomba abaki navyo awaonyeshe wateja, maana hajawahi kuona mvule wa namna ile.

Mzee alisimama pale akacheka peke yake, taratibu, mkono juu ya kifua. Mvule wa baba yake unaonyeshwa Bukoba. Juma lile lote alimweleza kila aliyepita, kisimani, gulioni, mpaka kwa katekista, na kila alipoeleza alinitazama kwa jicho lake moja, na mimi niliitikia kwa kichwa. Mnaona uongo unavyokua? Mimi niliupanda mmoja, mzee akaumwagilia kwa furaha yake.

Jumapili baada ya ibada watu wakaja karakana kubariki mashine. Sikuliomba hilo, lilitoka kwa mzee. Palikuwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kikubwa, kina mama wamepika ndizi, na katekista na kidumu chake cha maji ya baraka. Akasali, akanyunyiza. Nikatakiwa kusema machache na mimi nikasema mengi. Nilieleza maana ya ubora. Nilisema "kwoliti" mara nyingi kuliko katekista alivyosema amina, mkono mmoja mfukoni, nikawaambia kuna watu wananunua mashine kwa macho tu, hawajui kwamba lazima uipime.

Halafu Ta Novati akaja na ubao wa kwanza wa benchi la kwanza, ameukumbatia kama mtoto. Akakaa kwenye kigoda chake nyuma kidogo, upande wa kulia, ambako jicho lake lingeona.

Nikawasha. Taa ya kijani ikawaka, watu wakasema eee. Nikasukuma. Ubao uliingia kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, kisha mashine ikaanza kunguruma kama mtu anayeota ndoto mbaya, meza ikatetemeka, ile reli ya pembeni inayoongoza ubao ikaanza kusogea, na mstari wa penseli ukawa unakwenda kwake na msumeno unakwenda kwake. Moshi ukatoka. Mtu akauliza nyuma kama ndizi zinaungua. Adventina akasema kwa sauti ya chini, "Kaka Respi, zima." Seremala yeyote mwenye akili angezima. Mimi nilisukuma kwa nguvu zaidi, kwa sababu watu walikuwa wameanza kucheka.

Ubao ukijibana kwenye msumeno wa duara haubaki pale, unarushwa nyuma. Ulipita chini ya kwapa langu, ukachukua mfuko mzima wa koti, ukapasua kibuyu cha rubisi na kugonga ukuta. Rubisi ikaruka juu ikaniangukia kichwani, ikatiririka mpaka kwenye viatu vya Dar. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi pia nilianza kucheka, ndivyo mtu anavyofanya. Kisha wakaona ubao ulikopita, wakanyamaza kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine. Kati ya njia yake na kichwa cha Ta Novati pasingepita kiganja.

Mzee hakusogea. Mashine ilipozimwa aliinuka, akauokota ubao, akapapasa pale palipoungua. Halafu akawageukia watu na kuwaomba radhi. Yeye. Akasema mashine haina kosa, mashine ilishapimwa Bukoba, kosa ni la mbao. Labda hakuzikausha vizuri, labda mvule ule ulikuwa na ubaya ndani tangu zamani na macho yake hayakuona. Pengine haufai mabenchi ya kanisa. Alisema hivyo kuhusu mti wa baba yake, mbele ya kijiji, na mimi nimesimama hatua tatu kutoka kwake nikichuruzika rubisi.

Hapo nilipaswa kusema. Sikusema.

Na ndipo Bi Zubeda akaingia uani. Kumbe Jumapili hupanda Kamachumu kununua ndizi za hoteli yake, na kwapani alikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia. Mimi nilikijua kabla hajafika mlangoni.

Sasa kwetu mgeni haulizwi kilichomleta akiwa bado amesimama. Anapewa kiti, anapewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, anatafuna, mnaulizana habari za afya na za mvua, ndipo aseme shida yake. Hata siku ya balaa ni hivyo hivyo. Adventina akamletea kikapu kidogo, Bi Zubeda akachukua punje zake, akashukuru, akaanza kutafuna pole pole, akasalimia mzee, akauliza habari za mashamba. Gunia liko mapajani mwake. Ncha ya ubao ilikuwa imetokeza, naiona herufi ya mwisho ya KAMACHUMU. Watu wote wamekaa kimya kwa adabu. Nilikuwa na muda wote huo. Mtu angeweza kukiri madhambi ya mwaka mzima katika muda ule, akapewa na malipizi. Nilitazama taya lake likisaga nikaomba kahawa ile isiishe.

Ikaisha.

"Mzee wangu," Bi Zubeda akasema, "kuna kijana wako alikunywa chai kwangu juma lililopita akasahau hii. Nimeona ina jina nikasema, amana ya watu haichomwi kuni."

Alikuwa ananifanyia wema. Aliponiona nilivyolowa alinipa pole.

Ta Novati akaufungua ubao toka kwenye gunia. Hakuuleta machoni. Aliulaza magotini, akaweka kidole gumba mwanzo wa mstari wa penseli, akakiburuta taratibu mpaka mwisho, kisha akaugeuza akapapasa upande wa pili. Mzima. Haujaguswa na jino la msumeno wowote. Mimi nilingoja anitukane, ningeshukuru.

"Kumbe mvule wa tata hauna kosa," akasema.

Basi. Na uso wake, naapa, ulikuwa na nafuu. Hilo ndilo limeniumiza kuliko kicheko chote. Hata jina nililopewa siku ile ile njiani, Bwana Sabuni, ambalo naitwa mpaka leo, halijaniuma kama nafuu ile ya uso wa mzee.

Ufunguo aliuvaa mwenyewe usiku huo. Kesho yake niliuona shingoni kwa Adventina. Hakuna aliyetangaza. Ilikuwa haki yake tangu mwanzo, aliyekaa miaka yote hiyo ni yeye, mimi nilikuwa nimerudishwa na harufu tu. Na muuzaji alikataa kuirudisha mashine, alikuwa na haki, aliniuliza mbao gani nikamwambia za kawaida.

Nikafanya nilichozoea. Niliondoka. Nilirudi Goziba kuziba mitumbwi, nikakaa kule karibu misimu miwili ya kahawa, nikiangalia ziwa upande ambao milima yetu huonekana asubuhi kukiwa hakuna ukungu. Siku moja simu ikaita, Adventina. Hakuniuliza hali.

"Kaka Respi, ile randa yako baba bado amekataza isiguswe. Njoo uichukue, au uje uitumie."

Nilikuta mabenchi yamekwisha. Waliyapasua kwa mkono, yote, wakipokezana Adventina na vibarua. Yalikuwa mazuri, marefu, rangi ya asali. Na jicho la kulia la Ta Novati lilikuwa limezima siku chache kabla benchi la mwisho halijapigwa msasa. Kama mashine ingekuwa ile ya kijivu, angeyaona. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia sentensi hiyo, hata Adventina, lakini Jumapili mzee huketi benchi la mbele, na wakati wengine wanasimama kuimba yeye mkono wake unatembea juu ya ubao, unakwenda na kurudi, na mimi nyuma yake siwezi kuimba.

Mwaka jana Adventina alinituma Bukoba. Alinipa ubao ule ule, mstari ule ule. Nilishuka Rwamishenye nikaubeba begani mpaka mjini kwa miguu, mchana kweupe. Bi Zubeda alinipungia mkono. Projestus nilikutana naye kweli, akasimamisha gari akauliza kama bado nambebea yule mzee. Nikamwambia ubao ni wangu, na mzee ni wangu pia. Msumeno wa kijivu ulikuwa bado kwenye kona ile ile, umefunikwa gunia. Nikagonga, nikatikisa, nikapasua juu ya mstari mwanzo hadi mwisho, na muuzaji alinitazama kana kwamba hajawahi kuniona. Tangu hapo nimeapa, hata bawaba ya kabati sinunui bila ubao wangu mkononi, na anayetaka kucheka acheke.

Nilimpelekea Ta Novati vile vipande viwili, amekaa kwenye kigoda chake. Akavipokea, akavipapasa palipokatwa, laini, akaviunganisha vikarudi kuwa ubao mmoja, akavitenganisha tena.

"Umeuona ukipita?" akaniuliza.

"Nimeuona, Tata."

Aliitikia kwa kichwa. Akavilaza vipande magotini, kisha akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Adventina," akaita, "njoo unitazamie."

Adventina akaja akipangusa mikono, akainama, akautazama mstari wa penseli, nusu yake huku na nusu yake kule, akamwambia baba yake kwamba ni kweli. Ndipo mzee akatabasamu.